DEREVA SI MTUMWA WA HESABU

Kila ajali ikitokea mjini maneno ni yale yale: "Dereva mzembe." Abiria husema hivyo, na mwenye gari naye husema hivyo. Hatukatai kwamba wazembe wapo, na mlevi hastahili kushika usukani hata siku moja. Lakini twauliza: ni nani anayemkimbiza dereva?

Ndugu msomaji, pita Kariakoo saa 11 alfajiri. Utamkuta dereva wa daladala amekwisha washa gari. Rudi saa 4 usiku, mara nyingi utamkuta yumo katika kiti kile kile. Hizo ni saa 17. Kisa chake ni hesabu. Tajiri hataki kujua kama kulikuwa na mvua au foleni. Jioni anataka fedha yake kamili. Kinachobaki baada ya mafuta ndicho riziki ya dereva na kondakta. Basi kupumzika ni hasara, na kupeleka breki gereji ni hasara. Kijana wa bodaboda naye amefungwa kwa kamba hiyo hiyo.

Sheria tunayo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka saa 9 kwa siku na saa 45 kwa juma, bila ya saa za ziada, na mapumziko ya saa nzima baada ya saa 5 za kazi mfululizo. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 inamtaka mwajiri achangie Mfuko, ili mtu akiumia kazini alipwe. Lakini dereva asiye na mkataba atadai wapi? Siku akivunjika mguu, tajiri husema, "Simjui, alikodi gari tu." Ndiyo maana mwaka 2015, mwezi wa Aprili na tena Mei, madereva waligoma, na moja ya madai yao ilikuwa mikataba ya kazi.

Tukumbuke jina la mahali petu. Kariakoo ni Carrier Corps, wapagazi wa Waingereza katika Vita vya Kwanza. Maelfu ya Waafrika walikufa kwa maradhi na uchovu wakibeba mizigo ya vita visivyokuwa vyao. Nchi iliyojitawala tangu 1961 haiwezi kukubali mtu atumiwe kama punda.

Kwa hiyo twadai haya. Wenye magari watoe mikataba ya maandishi na mshahara unaojulikana. Gari likitakiwa kutembea saa 17, liwe na madereva wawili wa zamu. Wakaguzi wa kazi wafike vituoni, wasingoje ofisini. Na ninyi madereva, ingieni katika chama cha wafanyakazi; mmoja mmoja mtafukuzwa, pamoja mtasikilizwa.

Spea ya gari inauzwa Gerezani. Spea ya roho haiuzwi popote.