Viti vya Gari: Maji Machache, Hewa Tele

Wengi wetu huosha gari kwa nje hadi likang'aa, ilhali ndani yake, wanamokaa mama na watoto, mmejaa vumbi na harufu ya maziwa yaliyomwagika. Kiti cha gari si sakafu ya saruji. Chini ya kitambaa mna sponji inayofyonza maji na kukawia kukauka. Huku mwambao, hasa wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, sponji iliyolowa huota ukungu, nao huwasumbua sana wenye pumu.

Basi anza kwa kuondoa vumbi kwa brashi. Koroga sabuni kidogo katika maji hadi itoe povu. Chovya kitambaa katika povu hilo tu, kisha usugue taratibu. Doa la maziwa au la damu litolewe kwa maji baridi, kwani maji ya moto huligandisha katika nyuzi. Pangusa kwa kitambaa safi chenye unyevu, na uache milango wazi mpaka kiti kikauke kabisa.

Jambo moja lisifanyiwe mzaha: wako wanaotoa madoa ya grisi kwa petroli. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutuama sakafuni mwa gari, na cheche moja tu yatosha kuulipua. Grisi ikwangue kwa kijiko, kisha utumie sabuni na subira. Doa likibaki, na libaki. Watoto wetu watasafiri salama.