Mipaka Tuliyoibariki Wenyewe

Kila tunapozuiwa mpakani tunailaani Berlin. Sawa, wazungu walikubaliana kanuni za kuligawa bara letu mwaka 1884 na 1885 bila kumwuliza Mwafrika hata mmoja. Lakini Cairo je? Julai 1964 wakuu wa nchi huru za Afrika walikutana huko wakaazimia kuiheshimu mipaka ile ile. Hoja ililetwa na Nyerere, yule yule ambaye mwaka 1960 alikuwa tayari kuuchelewesha uhuru wa Tanganyika ili Afrika Mashariki iungane kwanza! Waliogopa vita, na si bure: Algeria na Morocco zilikuwa zimepigana mwaka 1963. Hilo sibishi. Ninachobisha ni kumsukumia mkoloni hata muhuri tuliougonga wenyewe. Askari anayemsumbua mama na kikapu chake cha nyanya pale Namanga hakutumwa na Bismarck.