Mwacheni Amalize Kusema

Mama mmoja hakuwa amefika hata nusu ya maneno yake. Umuganda, kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ulikuwa umekwisha, majembe yamelazwa nyasini, na wakazi wa mtaa mmoja wa Gisenyi, Rwanda, wameketi kutoa maoni. Akaanza kueleza habari ya mfereji uliozibwa juu ya nyumba zao. Alisema Kiswahili, kile cha Goma, mji wa Kongo ng'ambo ya mpaka, chenye Kifaransa ndani yake. "Hayo kayaseme ng'ambo," mtu akarusha neno. Kicheko kikapasuka. Mama akaketi, mkutano ukaendelea.

Mwandishi wa makala haya alikuwepo na hakufungua mdomo. Lawama zikigawanywa, naye apewe fungu lake.

Sababu za kejeli hiyo zinajulikana: vita vya jirani, uvumi wa WhatsApp, mabomu yaliyovuka mpaka Januari 2025 na kuua raia wa Rubavu, wilaya ya mji huu. Hofu hiyo ina msingi. Lakini mfereji una uraia gani? Usiku wa kuamkia 3 Mei 2023, mvua ilipoujaza mto Sebeya na kubomoa milima, zaidi ya watu 130 walikufa nchini, na Rubavu ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizoumia sana. Baada ya msiba ule, kumcheka anayetaja njia ya maji ni upumbavu. Tena Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017!

Mji huu unajua faida ya kusikiliza. Wanakijiji wa kandokando ya Ziwa Kivu waliita mazuku hewa ile isiyoonekana inayotuama mabondeni na kuua mbuzi, na mara nyingine watu. Wataalamu wa volkano wangeweza kuiona ni hadithi ya uchawi. Walipima, wakakuta kabonidayoksaidi, nzito kuliko hewa ya kawaida. Na hadi leo neno mazuku limo katika tafiti zao.

Mji huu unajua pia gharama ya masikio kuzibwa. Tarehe 22 Novemba 1992, huko Kabaya, iliyokuwa ndani ya mkoa wa Gisenyi, Léon Mugesera alihutubia umati akiwachochea dhidi ya Watutsi. Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari, Félicité Niyitegeka, Mhutu aliyekuwa akiwaficha Watutsi katika Kituo cha Mtakatifu Petro hapa Gisenyi, alikataa kuwaacha ili ajiokoe. Aliuawa pamoja nao. Kwake walikuwa watu; kilichosemwa juu yao hakikumtosha.

Basi wakazi wa Gisenyi wanaombwa, tena wanasihiwa. Katika mkutano wa mudugudu, yaani wa kijiji, anayetaka kumpinga mwenzake na arudie kwanza alichosikia, mpaka mwenyewe aitikie "ndivyo". Ndipo apinge, hata kwa ukali. Anayepokea uvumi kuhusu Goma na ampigie simu mtu wa Goma kabla ya kuusambaza. Ni nani hapa asiye na shemeji au mteja kule? Na mtu akirusha neno la kejeli, walio karibu naye wasicheke. Wasicheke kabisa!

Mfereji bado umezibwa. Umuganda ujao, kabla majembe hayajainuliwa, mmoja na amwendee yule mama amuulize: mama, ulikuwa unasema nini?