Uria Aliuawa na Nani?

Kuna ndugu ameniambia silaha za akili bandia ni afadhali, eti mashine haina hasira wala kisasi. Nikamwambia asome 2 Samweli 11 na 12. Daudi hakuwa vitani. Upanga ulikuwa wa Waamoni, amri ilitekelezwa na Yoabu, na barua aliibeba Uria mwenyewe (hebu fikiria!). Lakini Nathani alitumwa kwa Daudi.

Sasa niambie: mashine ikichagua yenyewe nani afe, ikamuua mama aliyebeba kuni, Nathani aende kwa nani? Kwa aliyeunda programu? Kwa jenerali atakayesema "ni mashine"? Sheria za vita humtaka mtu atofautishe askari na raia, na akiua raia makusudi ashtakiwe. Mashine utaishtaki wapi?

Desemba 2024, mataifa 166 katika Umoja wa Mataifa yaliunga mkono azimio kuhusu silaha hizi. Matatu tu yalipinga, Urusi ikiwemo. Lakini azimio si mkataba, na mkataba ndio Guterres alioutaka ukamilike kufikia 2026.

Usiniambie hiyo ni siasa ya wakubwa. Ijumaa kwenye kesha tutaitaja Geneva, wanakojadiliana, kwa jina. Njoo.