Kinga ndogo ambayo wakubwa wanaililia

Wazazi na vijana, leo tuongee juu ya kinga. Si ile kinga kubwa ya kubeba makala, ile mnaiona asubuhi ku njia za Lubumbashi na magunia nyuma. Tunasema juu ya kinga ndogo ya watoto, jina lake BMX. Mu Uingereza na Marekani kuna wanaume wa miaka 50, baba za watu, wenye kazi nzuri, ambao wanatafuta kinga ile waliyopanda wakiwa na miaka 10. Wananunua kiti hapa, pedale pale, wanasugua chuma mpaka inangaa, na wanailipa feza nyingi kupita bei ya kinga mupya. Mutu akisikia vile anaweza kucheka. Lakini tuulize kwanza: wanalilia nini?

BMX haikuzaliwa mu kiwanda. Ilizaliwa mu mikono ya watoto. Mwanzo wa miaka ya 60, watoto wa California walikuwa wanachukua kinga za magurudumu ya inchi 20, ni kusema karibu sentimeta 50, wanazitia gido ndefu za kushikia na kiti kirefu kama ndizi. Hakuna mukubwa aliyewafundisha. Mukubwa mumoja wa kampani ya Schwinn mu Chicago, Al Fritz, akasikia habari ile, akatengeneza kinga ya namna moja, na mu 1963 ikatoka na jina Sting-Ray. Kiwanda njo kilifuata watoto.

Kisha kukaja mashindano ya pikipiki mu mavumbi na vilima. Watoto waliyapenda sana, lakini mutoto wa miaka 12 atapata wapi pikipiki? Basi wakapeleka kinga zao ku viwanja vitupu, wakachimba, wakajenga vilima vya udongo, wakaanza kushindana. Mu 1970, kule Long Beach, mutoto wa miaka 13, Scot Breithaupt, akapanga mashindano ya wenzake. Yeye mwenyewe alikuwa anakimbiza pikipiki, na zawadi aliyowapa washindi ni vikombe vyake mwenyewe alivyokuwa ameshinda. Mwaka uliofuata, 1971, ikatoka filme ya Bruce Brown, On Any Sunday. Ni filme ya pikipiki, lakini mwanzo wake unaonyesha watoto ku kinga wakiiga wakubwa wao. Watoto wa miji mingine waliiona, nao wakatafuta majembe.

Kinga zile hazikutengenezwa kwa kuruka. Gurudumu lilipinda, gido ilivunjika, mnyororo ulikatika. Na hapa, kwa maoni yangu, njo utamu wote ulipo. Mutoto aliyevunja kinga yake juma pili hakuwa na kinga juma tatu, mpaka aitengeneze. Akajifunza kunyoosha gurudumu, kuziba mupira, kubadilisha chuma na mwenzake: wewe una pedale mbili nzima, mimi niko na gurudumu la mbele, tuone namna gani. Wakubwa wakafika nyuma tena. Mu 1974 Skip Hess akaleta gurudumu zito lisilo na vijiti, Motomag, juu watoto walikuwa wanavunja yale ya kawaida. Kijana mwingine, Bob Haro, alianza na kuchora vibao vya namba vya kutia mbele ya kinga, akaishia kuwa kati ya wale walioanzisha michezo ya kuzungusha kinga na kusimama juu yake.

Mu 1982 dunia yote ikaiona, mu sinema ya E.T., watoto wakikimbia polisi juu ya kinga za Kuwahara kutoka Japani. Mwaka ule ule Raleigh ya Nottingham, kampani ile ile iliyouza Afrika zile kinga kubwa nyeusi ambazo wazee wetu wanazijua vizuri, ikatoa Burner. Kwa watoto wengi wa Uingereza, Krismasi ya miaka ile ilikuwa na jina moja tu.

Kwetu hali ilikuwa ingine. Kinga ya baba ilikuwa mukate wa nyumba. Gurudumu likipinda, baba ataenda kazi na miguu, njo maana aliifungia. Hata hivyo watoto waliiba nusu saa. Ile chuma ya juu ilikuwa juu sana kwao, basi wakapitisha muguu chini yake, mwili umepinda pembeni, bega moja juu, na wakanyonga hivyo mpaka mwisho wa njia. Namna ile haikupata kombe wala jina la Kiingereza, lakini ni watoto wenyewe waliivumbua, sawa vile wale wa California.

Wenye kulilia zamani wanasahau pia kwamba si vijana wanaume tu waliokuwa mu mavumbi. Cheri Elliott wa California alianza kushindana akiwa mutoto, mwanzo wa miaka ya 80, na akashinda sana. BMX ilipoingia Olimpiki mu Beijing, 2008, Anne-Caroline Chausson wa Ufaransa alipata zahabu ya wanawake. Mariana Pajón wa Kolombia akaipata mu 2012, tena 2016. Wazazi wenye kusema kinga si ya binti, muulizeni Kolombia.

Sasa turudi ku wale wanaume wetu wa miaka 50. Mu Uingereza kulifanywa uchunguzi juu ya watoto wa miaka 7 na 8. Mu 1971, watoto 80 kwa 100 walikuwa wanaenda ku masomo bila mukubwa. Mu 1990 walibaki 9 kwa 100. Sababu ya kwanza ya wazazi ilikuwa woga wa motokari, na si woga wa bure, juu motokari zimekuwa nyingi kweli. Lakini mutoto asiyevuka njia peke yake hatafika ku kiwanja kitupu, na viwanja vingi vimejengwa nyumba.

Miaka hii Raleigh imetoa tena Burner za namna ya zamani, na wanaume wale wamezinunua. Magurudumu ni madogo vile vile, magoti ya mutu mukubwa yanakuja karibu na gido. Wengine wanazitundika ku ukuta wa nyumba. Mutoto akiuliza kama anaweza kuipeleka inje, anaambiwa apana, ile ni ya bei.