Redio ya Nyanya na Valvu Nne

Juma hili nataka kuwaeleza jambo lililonipata mimi mwenyewe, ili yule aliye na redio ya zamani nyumbani asije akapata hasara kama yangu.

Marehemu babu yangu alituachia redio ya mkononi ya betri. Nyanya aliihifadhi sandukuni miaka mingi, kisha akanipa akisema, "Mjukuu wangu, wewe umesoma. Iamshe, niisikie tena." Ndani mlikuwa na valvu nne za kioo, unene wa kidole gumba, nazo zote zilikuwa nzima. Nami kwa haraka ya kumfurahisha mzee nikaunga waya za betri pasipo kupima. Valvu zikamulika mara moja, zikazimika zote nne. Nyanya hakunikaripia. Alinyamaza tu, na kunyamaza kwake kuliniuma kuliko maneno.

Sababu ni hii. Valvu za namna hiyo, ambazo kampuni ya RCA ya Marekani ilizitia katika redio yake ndogo BP-10 ya mwaka 1940, zina uzi mwembamba mno ndani yake, unaotaka volti 1.4 tu. Kwa hiyo redio huwa na betri mbili: moja ya volti 1.5 ya kupasha nyuzi moto, na nyingine ya volti 67.5 au 90 ya kuzipa valvu nguvu ya kazi. Mimi niliipeleka ile kubwa kwenye nyuzi.

Siku hizi betri ya volti 90 ni shida kupatikana, lakini betri ndogo kumi za volti 9, zikiungwa mfululizo, zafaa. Kwa nyuzi yatosha betri moja kubwa ya tochi. Jihadharini, kwa maana volti 90 humshtua mtu.

Valvu nazo zina majina mawili. DK91 ya Ulaya ndiyo 1R5 ya Marekani. DF91 ni 1T4. DAF91 ni 1S5. Na DL92 ni 3S4. Ukipewa moja badala ya pacha wake, usikatae.

Basi, kabla ya kuchomeka valvu, fanya haya.

Kwanza, ikiwa nyuzi za redio yako zimeungwa sambamba, toa valvu zote, unga betri, kisha pima kwenye viti vyake. Kwa DK91, DF91 na DAF91, pima kati ya tundu la 1 na la 7. Kwa DL92, pima kati ya la 5 na la 1, kisha la 5 na la 7. Ukiona zaidi ya volti 1.5, acha hapo hapo.

Pili, badilisha kapasita za karatasi, hasa ile inayoingia DL92. Ikivuja, sauti hukwaruza na betri huisha upesi.

Tatu, usichanganye jamii. Valvu za jamii ya 96, zilizokuja miaka ya 1950, zilitengenezwa ili kubana matumizi ya betri: uzi wa DF96 hula miliampea 25, na wa DF91 hula 50. Katika redio ambayo nyuzi zimeungwa mfululizo, mkondo ule ule hupita katika zote, hivyo DF96 ikiwekwa kati ya wenzake wa 50 itaungua. Wala DK96 haiingii mahali pa DK91 hivi hivi, kwa kuwa miguu yake imepangwa vingine. Kama hujui redio yako ni ya namna gani, mwulize fundi. Kuuliza si ujinga.

Mimi niliweka akiba miezi mitatu nikanunua valvu nne nyingine. Safari hii nilipima mara tatu. Usiku nikazungusha kitasa, mvumo ukaja, kisha sauti ya mtu, hafifu lakini safi. Nyanya akaweka mkono juu ya kisanduku, akasema, "Ndiyo yenyewe."

Ndugu zangu, pimeni kwanza, ungeni baadaye.