UKURASA WA JAMAA: Mama mwenye mimba na sindano ya Ebola



Kuna ulizo moja ambalo sisi wababa hatuliwazi sana: dawa inapojaribiwa, inajaribiwa kwa nani?

Mnakumbuka Ebola. Ilitangazwa Kivu ya Kaskazini tarehe 1 mwezi wa nane 2018, ikaisha tarehe 25 mwezi wa sita 2020. Watu 3470 waliugua, 2287 wakafa. Hata kwetu ilifika: mwezi wa nane 2019 ilionekana Mwenga, kwa mama mmoja na mtoto wake waliotoka Beni. Zaidi ya nusu ya wagonjwa walikuwa wanawake. Si ajabu. Nani analala karibu na mgonjwa? Nani anafua mashuka na kupangusa matapiko?

Na chanjo ilikuwako. Walichomwa kwanza wale waliokaribia mgonjwa, kisha waliokaribia hao. Lakini mama mwenye mimba ao mwenye kunyonyesha alirudishwa nyumbani. Bwana wake alichomwa, shemeji alichomwa, yeye hapana. Juu ya nini? Chanjo ile ina virusi hai vilivyopunguzwa nguvu, na haikuwa imejaribiwa vya kutosha kwa wenye mimba. Na juu ya nini haikujaribiwa kwao? Sababu waliogopa. Basi tunazunguka fasi moja tu.

Woga huo una asili yake. Mwisho wa miaka ya 1950 ilitoka Ujerumani dawa iitwayo thalidomide. Wamama wa Ulaya waliimeza kwa kichefuchefu cha mimba, na maelfu ya watoto wakazaliwa na mikono ao miguu isiyokamilika. Tangu hapo wanganga wengi waliona heri mwanamke asiguswe na majaribio. Lakini angalieni vizuri: dawa ile iliuzwa kwa wamama bila kuchunguzwa sawasawa juu ya mimba. Uchunguzi ndio uliokosekana!

Na Ebola yenyewe haikumhurumia. Katika milipuko ya zamani, karibu mimba zote za wamama waliougua zilipotea.

Linalonishangaza zaidi ni hili. Wakati uleule, jaribio la dawa nne za kutibu Ebola, lililoanza mwezi wa kumi na moja 2018 pamoja na Profesa Muyembe na INRB ya Kinshasa, lilipokea wenye mimba na hata watoto. Mwezi wa nane 2019 likaonyesha dawa mbili zinazookoa kupita zingine. Yaani mama akiisha kuugua, anapewa dawa. Mbele ya kuugua, ananyimwa kinga.

Mwezi wa pili 2019 washauri wa OMS walisema wenye mimba na wanyonyeshao wachanjwe. Walianza kuchomwa katikati ya mwaka ule, karibu miezi kumi tangu ugonjwa kutangazwa.

Ulizo hili halikuishia Beni. Kamituga ilionekana mpox ya aina mpya tangu mwezi wa tisa 2023, na wamama kadhaa walioipata walipoteza mimba. Wandugu, kikosi cha chanjo kikifika kwenu, bwana na bibi waende pamoja. Mama aseme wazi kama ana mimba ao ananyonyesha, na aulize: chanjo hii imejaribiwa kwa wenye mimba? Walionaje? Wakimrudisha, aulize arudi lini. Na wewe bwana, usijibu kwa fasi yake.